Vinasaba na upungufu wa nguvu za kiume: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Dar es Salaam na kwingineko ambao wamesikia kwamba wanasayansi wamegundua "jeni ya nguvu za kiume" na wanataka kujua lipi limethibitishwa, lipi bado linachunguzwa, na lipi linauzwa mitaani kwa kutumia jina la sayansi. Anayesoma kwa mara ya kwanza atafaidika zaidi akianzia juu. Hata hivyo, mwenye mtoto au ndugu anayeugua selimundu aende kwanza kwenye swali linalohusu ugonjwa huo, kwa kuwa humo mna jambo la dharura.

Daktari anaposema "upungufu wa nguvu za kiume" ana maana gani?

Ni hali ya mwanamume kushindwa, mara kwa mara na kwa muda mrefu, kusimamisha uume au kuudumisha ukiwa umesimama kiasi cha kutosha kwa tendo la ndoa. Usiku mmoja wa uchovu au majuma mawili ya mawazo baada ya msiba hayahesabiwi; madaktari wengi hulitazama jambo hili kuwa tatizo likiwa limeendelea kwa takriban miezi mitatu. Katika mazungumzo ya kawaida jina hilohilo hubebeshwa mambo manne yasiyofanana: kukosa hamu, kufika kileleni mapema, kutotungisha mimba, na uume kutosimama. Mtafiti wa vinasaba akiwachanganya watu wa makundi hayo manne katika orodha moja, lolote atakaloliona kwenye DNA zao (maandishi ya kurithi yaliyomo ndani ya seli) halitafasirika. Ukurasa huu unahusu kundi la nne peke yake.

Wenye tatizo hili si wachache. Utafiti uliofanywa miongoni mwa wakazi wa Kinondoni, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2016 ulilikuta, kwa kiwango chochote kuanzia hafifu hadi kikali, kwa karibu wanaume watatu katika kila kumi. Utafiti wa Massachusetts, Marekani, uliochapishwa mwaka 1994, ulipata 52% miongoni mwa wanaume wa umri wa miaka 40 hadi 70. Takwimu hizo mbili zisishindanishwe, kwa sababu waliohojiwa hawakupatikana kwa njia moja.

Uume husimamaje, na jeni zinahusikaje?

Ubongo hutuma ishara kupitia uti wa mgongo hadi kwenye neva za uume. Neva hizo, pamoja na ukuta wa ndani wa mishipa ya damu, hutoa gesi iitwayo oksidi ya nitriki, nayo huzifanya seli za misuli laini zitengeneze kemikali ijulikanayo kwa kifupi kama cGMP. Kemikali hiyo hupunguza kalisi ndani ya seli, misuli hulegea, na damu huingia kwa wingi katika tishu mbili za sponji zilizomo ndani ya uume. Tishu hizo zikijaa huibana mishipa inayotoa damu, na hivyo damu hubaki humo. Baadaye kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kemikali mwilini) kinachoitwa PDE5 huivunja cGMP, na kila kitu hurudi kilivyokuwa.

Kila hatua katika mlolongo huo hutegemea protini, na kila protini hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni, yaani kipande cha DNA. Jeni ya NOS1 huelekeza utengenezaji wa kimeng'enya kinachozalisha oksidi ya nitriki kwenye neva, NOS3 hufanya hivyo kwenye ukuta wa mishipa, na PDE5A huelekeza utengenezaji wa hicho kimeng'enya kinachohitimisha shughuli. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kuonyesha kazi ya oksidi ya nitriki katika mishipa ya damu, na Machi mwaka huohuo dawa ya sildenafili iliidhinishwa Marekani. Wanasayansi wa Pfizer huko Sandwich, Uingereza, walikuwa wakiichunguza kwa ajili ya maumivu ya kifua ya wagonjwa wa moyo, na athari yake kwa uume wakaigundua njiani.

Jambo moja kuhusu dawa hiyo lizingatiwe, kwa sababu maswali mengi yanayofuata yanalitegemea. Sildenafili na wenzake huizuia PDE5 tu, haianzishi chochote. Ishara isipotoka kwenye ubongo, au neva na mishipa ikiwa imeharibika kiasi cha kutotoa oksidi ya nitriki, kidonge hakina cha kukilinda. Hiyo ndiyo sababu watafiti wameendelea kutafuta njia nyingine, na vinasaba ni mojawapo ya mahali wanapotafuta.

Je, tatizo hili hurithiwa?

Kwa sehemu. Ushahidi wa kwanza wenye uzito ulitokana na mapacha wanaume wa Marekani waliotumikia jeshi wakati wa vita vya Vietnam, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004. Mapacha wa kufanana wana DNA moja, ilhali wasiofanana hushirikiana nusu tu kama ndugu wengine wa baba na mama mmoja. Kwa hiyo tatizo likiwapata wote wawili mara nyingi zaidi katika kundi la kwanza kuliko la pili, urithi una mkono wake. Watafiti walikadiria kwamba takriban theluthi moja ya tofauti zilizopo kati ya mwanamume na mwanamume katika jambo hili hutokana na vinasaba, hata baada ya kuzingatia kisukari, shinikizo la damu, sigara na pombe.

Makadirio hayo husomwa vibaya mara kwa mara. Hayasemi kwamba theluthi ya tatizo la mtu fulani imetoka kwa baba yake, wala kwamba mtoto mmoja kati ya watatu atalipata. Yanaeleza tofauti katika kundi zima la watu, katika mazingira yale waliyoishi. Wanaume walewale wangeishi mahali penye kisukari kingi zaidi au sigara chache zaidi, makadirio yenyewe yangebadilika.

Hiyo jeni inayotajwa kwenye habari ni ipi?

Ni SIM1, iliyoko kwenye kromosomu (fungu la DNA) ya 6, ingawa kilichogunduliwa hasa ni sehemu ya DNA iliyo jirani nayo. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walilinganisha DNA ya wanaume 36,649 waliokuwa wakitibiwa na shirika la Kaiser Permanente la Kaskazini mwa California, kisha wakayapima upya matokeo yao kwa wanaume 222,358 wa UK Biobank, hazina ya taarifa za afya na DNA ya Uingereza. Walikuta kwamba wenye herufi fulani za DNA mahali hapo walikuwa na uwezekano wa kupata tatizo uliozidi wa wengine kwa takriban 26% kwa kila nakala (kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama). Muda mfupi baadaye timu nyingine, iliyotumia UK Biobank pamoja na hazina za Estonia na Boston, ilielekea mahali palepale pa kromosomu ya 6. Katika fani hii, ambako matokeo mengi huonekana mara moja na kutoweka, makubaliano ya namna hiyo yana thamani kubwa.

Kipande hicho cha DNA hakitengenezi protini yoyote. Kazi yake ni ile ya swichi ya taa iliyo ukutani mbali na taa yenyewe: katika maabara kilionekana kugusana na mwanzo wa jeni ya SIM1 na kuathiri kiasi inavyofanya kazi. SIM1 kwa upande wake hufanya kazi katika ubongo, hasa kwenye haipothalamasi, sehemu inayosimamia njaa, uzito na tabia za kujamiiana. Inajulikana kwamba watu wenye hitilafu kubwa ya SIM1 hunenepa kupita kiasi. Watafiti kwa hiyo walijiuliza kama jeni hiyo humwongezea mtu uzito kwanza, na uzito ndio uharibu nguvu, lakini walipoondoa athari ya uzito katika hesabu zao uhusiano ulibaki palepale.

Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la maana zaidi katika habari yote. Baada ya miaka mingi ya kuchunguza mishipa na misuli ya uume, utafiti wa DNA nzima, usiochagua mahali pa kutazama, ulielekeza kidole kwenye ubongo. Tena si ubongo kwa maana ya "ni mawazo yako tu", kauli ambayo wanaume wengi wameambiwa wakatoka hospitali wakiwa wameudhika. Ni ubongo kwa maana ya mfumo wa seli na kemikali unaoweza kuchunguzwa na pengine kutibiwa.

Kuna dokezo la zamani linaloafikiana na hilo. SIM1 imo katika njia moja na kipokezi (protini inayopokea ishara za kemikali kwenye seli) kiitwacho MC4R, na mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walionyesha kwamba kemikali inayochochea vipokezi vya aina hiyo iliusimamisha uume wa wanaume waliokuwa na tatizo. Dawa iliyotokana na kazi hiyo, bremelanotidi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019, lakini kwa wanawake wenye upungufu wa hamu ambao hawajakoma hedhi. Kwa wanaume haijaidhinishwa.

Hiyo 26% ina maana gani kwangu?

Tuchukue mfano wa kubuni. Ikiwa wanaume 20 katika kila 100 wa rika fulani wana tatizo hili, basi miongoni mwa wanaume 100 wa rika hilohilo wenye nakala moja ya herufi hizo wangekuwa 24 au 25. Wengi wenye herufi hizo hawatapata tatizo, na wengi wenye tatizo hawana herufi hizo. Kisukari, sigara na umri humwathiri mtu mmojammoja zaidi ya hapo.

Mbona nilisoma kwamba ni jeni ya NOS3, au ACE, au nyingine kabisa?

Kabla ya tafiti za DNA nzima, watafiti walichagua jeni waliyoidhania na kuilinganisha kwa makundi madogo ya wagonjwa na wazima. Matokeo yalipingana kutoka nchi hadi nchi: NOS3 ilionekana kuhusika hapa, pale ikakosekana. Mfano mzuri wa udogo huo ni utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu Wamarekani wenye asili ya Afrika waliopata tatizo baada ya tiba ya mionzi ya saratani ya tezi dume. Ulitaja herufi iliyo ndani ya jeni ya kipokezi cha homoni ya uzazi iitwayo FSH, lakini waliochunguzwa hawakufika 100. Kazi ya namna hiyo huanzisha swali, haifungi mjadala. Anayekuuzia kipimo au dawa kwa kutaja jeni hizo amesoma kichwa cha habari tu.

Vinasaba vinatuambia nini kuhusu kisukari na nguvu za kiume?

Hapa utafiti umeleta faida ambayo mtu wa Dar es Salaam anaweza kuitumia leo. Kwa muda mrefu ilijulikana kwamba wagonjwa wa kisukari hupata tatizo hili kwa wingi. Kliniki ya kisukari ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilishachunguza wagonjwa wake, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa nalo. Lakini kuwapo kwa mambo mawili pamoja hakuthibitishi kwamba moja limezaa lingine. Pengine unene ndio unaoleta yote mawili, au sigara, au umri, au dawa anazotumia mgonjwa.

Timu ile ya pili iliyotajwa hapo juu ilitumia vinasaba kulitenganisha jambo hili. Mtu hupewa jeni zake siku ya kutungwa mimba, kabla hajavuta sigara wala kunywa soda, na jeni hizo hazibadiliki kwa sababu ameugua. Kwa hiyo, ikiwa wanaume waliozaliwa na herufi zinazoongeza uwezekano wa kisukari cha aina ya pili wanapata upungufu wa nguvu mara nyingi kuliko wengine, ni vigumu kusema kwamba uhusiano huo umeletwa na tabia zao au kwamba upungufu ndio ulioleta kisukari. Hicho ndicho walichokikuta. Kisukari chenyewe ni kisababishi.

Maelezo ya kibaiolojia yanakubaliana na hesabu hiyo. Sukari nyingi katika damu huharibu neva ndogo na ukuta wa ndani wa mishipa, yaani mahali pale pale panapotoka oksidi ya nitriki. Mwanamume wa miaka 45 anayeona mabadiliko chumbani na ambaye hajawahi kupima sukari hana haja ya kutafuta maabara ya DNA ng'ambo. Kipimo cha kidole katika kituo cha afya cha mtaani kwake kinaweza kumwambia mengi zaidi.

Je, wanaume wa Kiafrika wamo katika tafiti hizi?

Wachache mno. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba takriban 78% ya watu wote walioshiriki tafiti za DNA nzima duniani, kwa magonjwa yote, walikuwa na asili ya Ulaya, na wenye asili ya Afrika walikuwa karibu 2%. Tafiti mbili za SIM1 hazikuwa tofauti sana na hali hiyo, ingawa ile ya California ilikuwa na watu wa asili mbalimbali.

Pengo hilo lina madhara ya kisayansi. Watu wa Afrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba kuliko wa bara lolote, na jambo moja la mwilini linaweza kuletwa na herufi tofauti katika watu tofauti. Uwezo wa mtu mzima kunywa maziwa mabichi bila kuumwa tumbo ulishaelezwa kwa herufi moja iliyoonekana Ulaya. Watafiti walipowapima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakiwamo wafugaji, na kuchapisha matokeo mwaka 2007, walikuta kwamba watu wa huku wana uwezo huohuo kwa herufi nyingine kabisa. Hakuna sababu ya kudhani kwamba nguvu za kiume zitakuwa na hadithi fupi zaidi. Mpango wa H3Africa, ulioanza kazi mwaka 2012 kwa fedha za taasisi za afya za Marekani na za shirika la hisani la Wellcome la Uingereza, ulijenga uwezo wa utafiti wa vinasaba barani, lakini kipaumbele kilikuwa magonjwa yanayoua, na hilo ni haki.

Selimundu inahusianaje na nguvu za kiume?

Swali hili lingestahili kuulizwa mara nyingi kuliko linavyoulizwa. Selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, hutokana na badiliko la herufi moja katika jeni ya HBB iliyoko kromosomu ya 11, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nayo, takriban 11,000 kila mwaka. Wavulana na wanaume wenye ugonjwa huo hukabiliwa na tatizo linaloonekana kuwa kinyume cha upungufu: uume husimama bila hamu yoyote, kwa maumivu, na haulali. Mara nyingi huanza usiku au alfajiri. Damu iliyonasa humo hukosa oksijeni, tishu za sponji huanza kufa, na makovu huchukua nafasi yake. Mwanamume aliyepatwa na hali hiyo kwa muda mrefu, au mara nyingi bila matibabu, anaweza kupoteza kabisa uwezo wa kusimamisha uume angali kijana.

Uume uliosimama kwa maumivu kwa saa nne ni dharura sawa na mkono uliovunjika, tena haungoji asubuhi. Mgonjwa apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji. Barafu na maombi ya kifamilia yasimcheleweshe, na kijana aambiwe mapema, kabla halijamtokea, kwamba hilo ni sehemu ya ugonjwa wake na halina aibu. Wazazi wengi hawamwambii kwa sababu nao hawakuambiwa. Vipindi vifupi vinavyojirudia na kuisha vyenyewe navyo vitajwe kliniki, kwa sababu hutangulia kile kirefu.

Watafiti wa Johns Hopkins, Baltimore, ndio waliotoa maelezo yaliyowashangaza wengi. Seli za selimundu zinapopasuka humwaga himoglobini (protini inayobeba oksijeni) kwenye damu, nayo huimeza oksidi ya nitriki. Gesi ikipungua kwa muda mrefu, mwili hupunguza pia kiasi cha PDE5 katika uume. Kisha usingizini, cGMP inapoongezeka, hakuna kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja, na uume hukwama. Mwaka 2005 walionyesha jambo hilo kwa panya walioondolewa jeni ya NOS3. Kutokana na hapo likazaliwa wazo lisilotarajiwa la kutumia kiasi kidogo cha dawa za kundi la sildenafili, kila siku na chini ya uangalizi, ili kurudisha mizani. Wazo hilo limejaribiwa kwa wagonjwa wachache, na halipaswi kujaribiwa nyumbani kwa hali yoyote.

Dar es Salaam ina mahali pake katika utafiti wa selimundu. Timu ya Muhimbili na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, iliyoongozwa na Profesa Julie Makani, ilichunguza DNA ya wagonjwa wa hapa na mwaka 2011 ikathibitisha, pamoja na wenzao wa Uingereza, kwamba jeni ya BCL11A huathiri kiasi cha himoglobini ya kichanga ambayo hupunguza makali ya ugonjwa. Jeni hiyohiyo ndiyo inayolengwa na Casgevy, tiba ya kuhariri DNA iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Bei yake Marekani inazidi dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja, kwa hiyo kwa sasa mgonjwa wa Temeke au Ilala anategemea hidroksiurea, dawa ya kumeza inayopandisha himoglobini hiyohiyo kwa njia nyingine.

Kuna magonjwa mengine ya kuzaliwa yanayoleta tatizo hili?

Yapo machache. Linalojulikana zaidi ni lile la mwanamume kuzaliwa na kromosomu ya X ya ziada, linalompata takriban mmoja kati ya wanaume 500 hadi 1,000, na wengi wao hawajui mpaka wanapotafuta mtoto. Wana korodani ndogo na testosteroni pungufu, na homoni ya kujazilizia huwasaidia wengi kwa upande wa hamu na nguvu. Hapo kipimo cha kromosomu kina faida ya wazi.

Naweza kupima DNA Dar es Salaam nijue kama nina jeni ya tatizo hili?

Hakuna kipimo cha DNA kinachotumika hospitalini kutambua au kutabiri upungufu wa kawaida wa nguvu za kiume, hapa wala Ulaya. Watu wengi mjini wanaposikia "DNA" hufikiria kesi za ubaba na Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ofisi yake ndiyo inayosimamia uchunguzi huo chini ya sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009. Vipimo hivyo hulinganisha watu wawili, havisomi magonjwa. Kampuni za ng'ambo zinazopokea mate kwa posta zinaweza kukupa ripoti ndefu yenye neno SIM1 ndani yake, lakini hakuna daktari atakayebadilisha matibabu yako kwa sababu ya ripoti hiyo.

Tiba ya jeni ipo tayari?

Imejaribiwa, haijafika kwenye matumizi. Jaribio la kwanza kwa binadamu lilichapishwa mwaka 2006 na timu ya Arnold Melman wa New York. Wanaume 11 walidungwa mara moja, kwenye uume, kipande cha DNA kinachobeba maelekezo ya mlango wa potasiamu uitwao Maxi-K. Mlango huo ukiongezeka, kalisi hupungua kwenye misuli laini na misuli hulegea kwa wepesi zaidi. Watafiti hawakutumia virusi kubebea DNA hiyo, na hakuna madhara makubwa yaliyoonekana. Waliopewa dozi za juu waliripoti nafuu iliyodumu kwa miezi kadhaa. Hata hivyo, jaribio hilo lilikusudiwa kupima usalama, halikuwa na kundi la waliodungwa dawa bandia, na wanaume 11 hawatoshi. Katika tatizo hili, ambalo matumaini peke yake humpa mgonjwa nafuu ya muda, kukosekana kwa kundi hilo ni udhaifu mkubwa.

Kwa panya yamefanyika mengi zaidi, ikiwa ni pamoja na kuingiza jeni za NOS na za protini inayokuza mishipa ya damu, na matokeo yalitia moyo. Panya wa maabara, hata hivyo, ni kijana aliyesababishiwa tatizo moja kwa makusudi, ilhali mgonjwa wa kliniki ni mzee mwenye kisukari, presha na dawa tano. Yeyote anayetangaza tiba ya jeni au ya seli shina kwa nguvu za kiume kwa malipo, awe Dar es Salaam au ng'ambo, anauza kitu ambacho bado kiko kwenye majaribio.

Je, jeni ndizo zinazofanya kidonge kimfae mwenzangu na kisinifae mimi?

Huenda kwa kiasi kidogo. Watafiti wa Ujerumani waliwahi kuripoti kwamba herufi moja katika jeni ya GNB3 ilihusiana na jinsi wanaume walivyoitikia sildenafili, lakini hakuna anayechagua dozi kwa kutazama jeni hiyo. Sababu za kawaida ni nyepesi zaidi: kukinywa baada ya mlo mzito wa mafuta, kutosubiri muda wa kutosha, au kununua kidonge bandia. Anayetumia dawa za naitreti za maumivu ya moyo asikinywe kabisa, kwa sababu presha inaweza kushuka ghafla hadi kuua.

Vumbi la Kongo na supu ya pweza hubadilisha vinasaba?

Hapana. Supu ya pweza ni chakula kizuri, na anayeifurahia jioni aendelee. Unga kama hilo vumbi, na vidonge vya "asili" visivyosajiliwa, ni jambo jingine, kwa sababu wakaguzi wa dawa katika nchi nyingi wamekuta mara kwa mara ndani ya bidhaa za namna hiyo sildenafili iliyochanganywa kwa siri, kwa kiasi kisichojulikana. Mgonjwa wa moyo anayekataa kidonge cha hospitali kwa kuogopa madhara anaweza kukimeza kilekile ndani ya kikombe cha kahawa kilichotiwa unga huo. Usajili wa dawa huthibitishwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na mfamasia yeyote anaweza kukusaidia kuuangalia.

Nikiombwa kutoa damu kwa ajili ya utafiti wa vinasaba, niulize nini?

Uliza kwanza kibali cha maadili. Utafiti wa afya kwa binadamu nchini huhitaji idhini, ikiwamo ile ya kitaifa inayoratibiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na namba ya kibali huandikwa kwenye fomu ya ridhaa. Kisha uliza sampuli itakaa wapi, itapelekwa nje ya nchi au la, itatumika kwa utafiti mwingine baadaye au la, na kama utajulishwa wakikuta jambo linalohusu afya yako. Taarifa za vinasaba ni taarifa nyeti chini ya sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, na una haki ya kujitoa bila kunyimwa matibabu. Fomu iliyoandikwa kwa Kiingereza pekee usiisaini. Omba ya Kiswahili, uende nayo nyumbani, uisome na mwenzi wako kama unaridhia ajue.

Wanaume wa hapa wangeshiriki kwa wingi, pengo lililoelezwa hapo juu lingepungua. Nasema hivyo nikijua kwamba ni mgonjwa mwenyewe anayebeba uzito wa kujaza dodoso linalouliza mambo ambayo hajamwambia hata kaka yake.

Baba yangu alikuwa na tatizo hili. Nifanye nini sasa?

Jua kwanza kwamba unachoweza kuwa umerithi kwa uwezekano mkubwa ni mwelekeo wa kisukari, presha au mafuta mengi katika damu, na yote hayo hupimika na kutibika. Ukiona dalili, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa au kliniki ya mfumo wa mkojo, na utarajie kupimwa presha, sukari, mafuta ya damu, na testosteroni ya asubuhi. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo mara nyingi huonyesha kuziba mapema, miaka kadhaa kabla ya maumivu ya kifua. Daktari akikutuma kupima moyo usidhani amekosea mlango. Nenda na orodha ya dawa zote unazotumia, za hospitali na za kienyeji, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha na za sonona zinaweza kuwa ndizo chanzo, na usiache hata moja kabla hajakwambia.